UZI: Nyuroblastoma. Mbona mtoto huyu kapona na yule hakupona?

FundiBloku (mwanzilishi wa uzi)

Assalam aleikum wadau, hamjambo wote wa pwani na wa bara. Uzi ni mrefu, wenye haraka pitieni tu.

Juzi kwenye kundi letu moja la WhatsApp hapa Majengo palizuka ugomvi. Kuna mtoto wa miezi minne alitokwa na vinundu vya kibuluu kwenye ngozi, ini likavimba, vipimo vikasema nyuroblastoma. Madaktari hawakumpa dawa, wakawa wanamchungulia kila baada ya muda. Vinundu vikanywea vyenyewe, leo anatambaa. Mtoto mwengine, wa miaka mitatu, karatasi yake ina jina lile lile. Alitiwa kemo (dawa kali za saratani), akapasuliwa, na bado tukamzika, Mwenyezi Mungu awape wazazi subira. Basi watu wakaanza: wa kwanza kaponywa na kombe, wa pili kapigwa jicho. Kisha akatokea mmoja akaandika bila haya kwamba "damu ya upande wa mama ndiyo ilokuwa mbovu". Hapo ndipo nikaamua kuja huku.

Mimi si daktari. Niko maabara ya patholojia. Kipande cha nyama alichokata daktari wa upasuaji hutufikia kwenye chupa ya fomalini. Tunakitoa maji, tunakizika ndani ya nta mpaka kiwe bloku, tunakikata kwa mashine vipande vya maikroni tatu au nne, tunavitia rangi, ndipo mwanapatholojia anavisoma. Kwa hivyo ugonjwa huu naujua kwa upande wa hadubini. Wa wodini wakija watajazia.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kijusi kikiwa bado kidogo tumboni, kuna seli zinazohama kutoka mgongoni kwenda kujenga mishipa ya fahamu ile inayofanya kazi bila wewe kuiamrisha, inayokudundisha moyo ukishtuka na kukutoa jasho. Nyengine huishia kwenye tezi adrenali zilizoko juu ya figo, nyengine hujipanga kando ya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi nyonga. Nyuroblastoma hutokana na seli hizo zikikataa kukomaa. Ndiyo maana mara nyingi huanzia tumboni, japo yaweza kuanzia kifuani au shingoni, na ndiyo maana ni maradhi ya wadogo: karibu watoto tisa kwa kila kumi hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Si saratani ya ubongo. Jina linawapoteza wengi.

Sasa umri. Mtoto aliye chini ya miezi 18 ana matumaini makubwa kuliko aliyeupita umri huo, hata kama ugonjwa umeshatambaa. Zamani mpaka uliwekwa kwenye mwaka mmoja. Hesabu zilizotolewa 2005 ndizo zilizousogeza hadi miezi 18, kwa sababu ilionekana wapo watoto wa mwaka na miezi kadhaa waliokuwa wakipewa dawa kali kuliko walivyohitaji. Na kwa wachanga kuna hali ya peke yake, iliyoelezwa 1971 na Dkt. Audrey Evans na Dkt. Giulio D'Angio wa Philadelphia: uvimbe wa asili ni mdogo, ugonjwa umefika kwenye ngozi, ini, na kidogo kwenye uboho, lakini mifupa yenyewe haijaguswa. Wengi wa watoto hawa ugonjwa hurudi nyuma wenyewe. Siku hizi kwenye ripoti huandikwa MS. Yule wa miezi minne yumo humo.

Halafu jeni, na hapa ndipo nataka mkae kitako.

Kila seli ya mtu ina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) namba 2 mbili, na kwenye mkono mfupi wa kila moja kuna jeni iitwayo MYCN. Kwa hivyo nakala mbili basi. Kwa takriban mtoto mmoja katika watano wenye nyuroblastoma, seli za uvimbe zimeirudufu jeni hiyo mara kumi, hamsini, hata mamia. Jeni hii ndiyo inayoisukuma seli igawanyike, kwa hivyo zikiwa nyingi hivyo seli haipumziki. Ilitambuliwa 1983. Mwaka uliofuata Garrett Brodeur na wenzake wakaonyesha kwamba hujitokeza zaidi kwenye ugonjwa uliosambaa. Mwaka 1985 Robert Seeger na wenzake wakatoa hesabu ya watoto 89: baada ya miezi 18, wenye nakala ya kawaida asilimia 70 ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele, wenye nakala 3 hadi 10, asilimia 30, wenye zaidi ya 10, asilimia 5. Ni hesabu ya enzi hizo, dawa zimeboreka sana tangu hapo, lakini mnaona ngazi ilivyokuwa.

Kipimo chake kinaitwa FISH. Nilikiona nikiwa mafunzoni Nairobi, kwenye chumba kilichozimwa taa. Seli unaziona buluu, na ndani ya kila seli nukta zinang'aa. Seli ya kawaida ina nukta mbili za MYCN, unazihesabu kwa jicho. Slaidi iliyofuata ilikuwa ya nyuroblastoma kali, na hapo hapakuwa na cha kuhesabu, seli nzima imejaa vumbi linalowaka. Mwalimu wetu hakusema kitu, akatuachia kila mmoja achungulie.

MYCN haiko peke yake. Kuna kipande cha kromosomu 1 kinachopotea, kuna cha 11 kinachopotea, kuna cha 17 kinachozidi. Vyote vitatu huashiria ugonjwa mgumu. Ajabu ni kwamba seli iliyoongeza kromosomu nzima nzima, badala ya mbili mbili zikawa kama tatu tatu, ndiyo yenye heri, hasa kwa mtoto mchanga. Iliyovunjavunja vipande ndiyo ya kuogopa.

Na sasa lile la "damu ya mama". Mabadiliko yote niliyoyataja hutokea ndani ya uvimbe tu. Hayamo kwenye damu ya mama, hayamo ya baba, na hata kwenye ngozi ya mtoto mwenyewe hutayakuta. Familia ambazo ugonjwa huu unarithiwa kweli zipo, lakini ni kama asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa wote. Jeni zake zinajulikana: PHOX2B ilitambuliwa 2004, ALK 2008. Na ALK ikirithiwa inaweza kutoka upande wowote. Kwa hivyo yule bwana wa kundini, hata angebahatika kukutana na familia ya aina hiyo, bado asingekuwa na haki ya kumnyooshea mama kidole.

Maswali leteni.

Mwinyi wa Tudor

Sheikh, darsa zuri, Mungu akuzidishie. Ila umepita pale kwenye kombe kama mtu anayeruka tope. Hebu sema wazi. Mtoto kasomewa, mtoto kapona. Wewe unasema jeni.

FundiBloku

Sheikh Mwinyi, kombe sijaligusa na sitaligusa. Mimi mwenyewe mama yangu kaninywesha. Ninachosema ni kwamba watoto wa aina ile hupona hata Japani, na huko sidhani wana zafarani na sahani.

Tena Japani wana kisa kizuri, ngoja nikisimulie. Seli za nyuroblastoma humwaga kemikali zinazoonekana kwenye mkojo, zinaitwa VMA na HVA. Wajapani wakawaza: tuwapime watoto wote wa miezi sita, tuuwahi ugonjwa kabla haujakomaa. Wakaanza nchi nzima 1985. Mama anachovya karatasi ya kuchujia kwenye mkojo wa mtoto, anaituma maabara kwa posta. Watoto wengi sana wakagunduliwa na wakatibiwa, na karibu wote wakapona. Kila mtu akafurahi.

Kisha wakaja Wakanada wa Quebec na Wajerumani, wakapima makundi makubwa na kulinganisha na watoto wasiopimwa. Majibu yakatoka 2002: vifo havikupungua. Waliokuwa wakigunduliwa kwa mkojo walikuwa wale ambao ugonjwa wao ungenywea wenyewe, pengine bila mzazi kujua kwamba uliwahi kuwapo. Wale wa aina kali, wa miaka miwili mitatu, waliendelea kuja vile vile na kufa vile vile. Japani ikausitisha mpango huo 2004. Wapo watoto waliopasuliwa na kutiwa kemo kwa ugonjwa ambao ungeondoka wenyewe.

Kwangu mimi kisa hiki ndicho kinachothibitisha kwamba tabia ya ugonjwa imeandikwa mapema. Ile kali haianzi ikiwa pole kisha ikaharibika kwa kucheleweshwa. Mara nyingi ni kali tangu siku ya kwanza.

MamaSwaleh_Kisauni

Nimesoma nikilia na sioni haya kusema.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Alianza kuchechemea, tukadhani kaanguka madrasa. Homa zisizoisha, kila tukienda ni malaria. Tumbo likawa gumu upande mmoja, bibi yake akasema ni chango, shangazi zake wakasema bandama. Kisha macho. Yalizunguka weusi pande zote mbili na jicho moja likawa kama linataka kutoka. Kituo cha kwanza nilichomkimbiza, muuguzi aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Nani anampiga huyu mtoto?" Mume wangu akainuka akatoka nje. Nilibaki nimemshika mwanangu, watu wote wananitazama mikono.

Tulikuja kupata jibu Nairobi. Nyuroblastoma, imefika kwenye mifupa na uboho. Kaka FundiBloku, wananiambia "hatua ya nne" tu. Niulize nini? Jumatatu napanda tena treni Miritini.

FundiBloku

Pole sana dadangu. Pole na la mtoto, pole na la ile foleni.

Weusi wa macho ni ugonjwa uliofika kwenye mifupa inayozunguka jicho, damu huvuja taratibu chini ya ngozi. Ni dalili inayojulikana vitabuni, na si wewe wa kwanza kuulizwa swali lile. Wahudumu wanaosoma hapa: mtoto mwenye macho meusi yote mawili, mwaminini mama kwanza, mkandamizeni tumbo, mpigeni altrasaundi.

Ya kuuliza Jumatatu. Uliza kama uvimbe umepimwa MYCN. Ukiambiwa bado, uliza kama bloku ipo na kama yaweza kupelekwa inakopimwa. Uliza mwanapatholojia ameandika nini kuhusu aina ya seli, nzuri au mbaya kwa mpango wa kimataifa. Uliza LDH na feritini ni ngapi, hivyo ni vipimo vya damu vya kawaida. Na uboho umetolewa nyonga moja au zote mbili? Inafaa ziwe zote mbili. Andika kwenye daftari, kwa sababu ukiwa mbele ya daktari maneno hukimbia.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Umri wake umepita miezi 18 na ugonjwa umefika mifupani, hivyo viwili peke yake vinamweka kundi gumu hata kabla ya MYCN. Lakini kundi gumu si hukumu ya kifo. Kwenye nchi zenye kila dawa, karibu nusu yao wanaishi.

Mwanafunzi_Tononoka

Shikamoo mzee FundiBloku. Niko mwaka wa tano wa udaktari, naomba niongeze.

Madaktari huwagawa watoto hawa kwa hatari: ndogo, ya kati na kubwa. Hatari ndogo, zaidi ya asilimia 95 hupona, na wengine hupasuliwa tu au hawaguswi kabisa. Ya kati huzidi 90 kwa kemo isiyo kali. Hatari kubwa ndiyo hiyo nusu, na safari yake ni ndefu: kemo ya awali, upasuaji, kemo nzito sana pamoja na kurudishiwa seli za uboho alizohifadhiwa mwenyewe, mionzi, halafu kingamwili ya dinutuximab na vidonge vya isotretinoini. Dinutuximab hushika alama ya GD2 iliyo juu ya seli hizi. Jaribio lililochapishwa 2010 lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili asilimia 66 ya walioipata ugonjwa ulikuwa haujarudi, dhidi ya 46 ya wasioipata. Marekani waliipitisha 2015. Kwetu bei yake ndiyo kisa kingine.

Swali langu: kuna sehemu nimesoma kwamba mwanapatholojia anaweza kuotea MYCN kwa slaidi ya rangi ya kawaida (H&E) peke yake. Ni kweli?

FundiBloku

Marahaba mwanangu, Mungu akuvushe mitihani.

Kuotea, ndiyo. Kuthibitisha, hapana. Slaidi ya nyuroblastoma ni bahari ya seli ndogo za duara za buluu, na tatizo la kwanza ni kwamba limfoma (saratani ya tezi) nayo ni ndogo za duara za buluu, na sarkoma ya Ewing (ya mifupa) vile vile. Kinachosaidia ni ile nyavu laini ya waridi katikati, nyuzi za fahamu zilizojaribu kuota, na pengine seli zimejipanga duara kuizunguka. Dkt. Hiroyuki Shimada alitoa 1984 mpango wa kuzisoma: je, seli zinakomaa au hazikomai, je, kuna tishu ya kuzishikilia, na katika seli elfu tano ni ngapi zinazogawanyika au kusambaratika. Chini ya 100 ni kidogo, zaidi ya 200 ni nyingi. Na hayo yote husomwa pamoja na umri, kwa maana slaidi ile ile kwa mtoto wa miezi kumi yaweza kuitwa nzuri, kwa wa miaka mitatu ikaitwa mbaya. Zinazogawanyika na kufa kwa wingi huku hazionyeshi dalili ya kukomaa, mara nyingi MYCN imezidi.

Kuhesabu seli elfu tano si mchezo. Nimemwona mwanapatholojia wetu akifanya hivyo na kibofyo mkononi, chai ikapoa, simu ikalia hakushika.

Lakini hapa ndipo nina neno na wenzangu wa maabara na wa theatre. Kipimo cha jeni kinategemea DNA, na DNA tunaiua wenyewe. Fomalini isiyo na bafa, yaani chumvi za kuizuia isigeuke asidi, inaikatakata. Kipande kikubwa kikitumbukizwa kizima kwenye chupa ndogo, katikati kinaoza kabla dawa haijafika, na kwa joto letu la Mombasa haichukui muda. Mfupa uliotolewa kupima uboho huloweshwa kwenye asidi ulainike ukatike, na asidi kali inaondoka na DNA. Mama anauza ng'ombe apeleke bloku ikapimwe, majibu yanarudi "sampuli haifai". Kosa halikuwa la mashine wala la mama.

MgosiWaTanga

Wagosi, mimi naulizia jambo moja. Huku kwetu watoto wanaovimba tumbo tunasikia zaidi saratani ya figo, ile ya Wilms. Hii nyuroblastoma huisikii kabisa. Hivi ni kweli sisi Waafrika hatuipati sana, au?

FundiBloku

Mgosi, swali zito. Rejista nyingi za Afrika zinaonyesha Wilms nyingi na nyuroblastoma chache. Sehemu ya sababu lazima iwe ni kwamba hatuigundui. Mtoto anayekufa kwa "malaria na upungufu wa damu" bila kupimwa uboho haingii kwenye hesabu. Na tumbo likivimba karibu na figo, wa haraka husema Wilms. Zinatofautiana: ya figo mara nyingi mtoto bado anacheza na anakula, mama huigundua akimwogesha, nyuroblastoma mtoto huwa mnyonge, anaumwa mifupa, na uvimbe mara nyingi huvuka katikati ya tumbo.

Lakini angalia na hili. Marekani, ambako wote hupimwa, watoto weusi wakipata nyuroblastoma huangukia kundi la hatari kubwa zaidi ya weupe. Na kuna alama moja kwenye jeni iitwayo LMO1, herufi moja tu ya DNA: aina yake inayokinga ipo kwa wingi Ulaya na Asia, kwa Waafrika ni adimu mno. Hii ni ya kurithiwa, ila usiichanganye na ile ya PHOX2B na ALK. Hii inasukuma mizani kidogo tu, aina isiyokinga karibu sote tunayo na hatuugui.

Kinachoniudhi ni hiki. Mpango wa kugawa hatari unaotumika duniani ulitolewa 2009 kwa kuchambua watoto 8,800. Walitoka Amerika Kaskazini, Ulaya, Japani na Australia. Kwa hivyo tunaposoma asilimia fulani kwa mtoto wa Kisauni au wa Tanga, tunaazima hesabu za watoto wa wengine. Na mwaka 2018 WHO ilipozindua mpango wake wa saratani za watoto ilichagua saratani sita za kutangulizwa. Wilms imo, nyuroblastoma haimo. Naelewa sababu, wametanguliza zinazotibika kwa dawa za bei nafuu. Ila nikielewa haimaanishi nafurahi.

Bi Rukia Mwembe Tayari

Mwanangu FundiBloku, mimi ni nesi mstaafu. Hayo ya MYCN ni mazuri, lakini kwa siye tusio na uwezo wa kipimo hicho yanatuumiza roho tu. Mtoto yuko Makadara leo, mama yake anauza viazi karai, SHA, bima ya afya ya serikali, ina kikomo chake. Kwa hivyo akikosa kipimo cha jeni ndio basi?

FundiBloku

Shikamoo Bi Rukia. Sio basi. Na nashukuru umeuliza wewe, maana wengine wangeogopa.

Mwaka 2015 wataalamu wa kimataifa wa saratani za watoto walitoa mwongozo mahsusi kwa nchi kama zetu, wakijua kabisa kwamba FISH haipo kila mahali. Wakasema: pasipo MYCN, tumieni mlivyo navyo. Umri unao bure. Hatua ya ugonjwa unaipata kwa altrasaundi, eksirei, CT ikipatikana, na uboho. Slaidi ya Shimada ni rangi ya kawaida na macho ya mtu aliyesoma. LDH na feritini zikiwa juu sana zinaashiria ugonjwa mkali, na Afrika Kusini wamezichunguza kwa watoto wao na kuona zinasaidia kweli kutabiri. Havilingani na MYCN, lakini vinatosha kumtenga mtoto wa kuangaliwa tu na wa kutibiwa kwa nguvu zote.

Na tena kuna upande wa pili wa kujua. Mtoto mchanga wa hatari ndogo ambaye daktari mwoga anampa kemo kali huku hana damu ya kuongezewa na wodi imejaa maambukizi, huyo anaweza kufa kwa dawa, si kwa saratani. Kumjua mtoto ambaye hahitaji dawa, kwetu ni muhimu kuliko kwao.

Mdigo_Halisi

Ami, mimi ni mfugaji Kwale. Kuna jamaa kaniambia dawa ya malale inatibu saratani ya watoto. Nikamcheka. Nimcheke tena?

FundiBloku

Usimcheke, kasema kweli, ila nusu. Dawa ni eflornithini. Ilipitishwa 1990 kwa malale ya binadamu ile ya Afrika Magharibi na Kati. Mbung'o wenu wa Shimba Hills hawahusiki na hiyo, na usije ukaitafuta ya ng'ombe.

Inafanya hivi: inazuia kimeng'enya kiitwacho ODC, ambacho kijidudu cha malale kinakihitaji ili kiongezeke. Sasa jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho kwa binadamu ni mojawapo ya zile ambazo MYCN huzipigia kengele. Seli ya uvimbe yenye MYCN nyingi inaitegemea kama kijidudu kile. Desemba 2023 Marekani waliipitisha kwa watoto wa hatari kubwa waliokwisha kumaliza matibabu mengine na kuitikia, ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Haitibu uvimbe uliopo. Na kwa watoto ambao ALK imebadilika ndani ya uvimbe, zipo dawa za kuilenga yenyewe, lorlatinibu ni mojawapo, bado inaendelea kuchunguzwa.

MamaSwaleh_Kisauni

Nimerudi. LDH iko juu, MYCN hawajapima, bloku wanayo. Daktari alishangaa nilipotoa daftari, kisha akavuta kiti akakaa. Wameanza kemo. Swali jengine: nina mtoto wa miezi saba. Nimpime? Na je, nikipata mwengine?

FundiBloku

Alhamdulillahi kwa hatua hiyo. Asiye na ndugu mwengine yeyote aliyeugua, uwezekano kwa mdogo wake ni mdogo sana. Mshike tumbo unapomwogesha kama unavyofanya siku zote, mpeleke kliniki kama kawaida, na mwambie daktari wa watoto historia ya kaka yake. Vipimo vya kurithi huulizwa zaidi pale ambapo kuna wagonjwa wawili katika ukoo, au uvimbe uko pande zote mbili za mwili, au mtoto pia alizaliwa na utumbo usiopitisha choo kwa ugonjwa wa Hirschsprung, au husahau kupumua akilala. Hivyo viwili vya mwisho huandamana na PHOX2B. Kwa ulivyoeleza, Swaleh hana hata kimoja.

MamaSwaleh_Kisauni

Na hiyo bloku nikiombwa niipeleke mwenyewe, wanatoa? Nitaibebaje?

FundiBloku

Wanatoa kwa barua ya daktari, na wewe unatia sahihi. Omba na nakala ya ripoti, na kama mtaweza, ombeni wakate slaidi kadhaa zisizotiwa rangi, bloku kuu ibaki kwao. Itie kwenye kikopo kigumu, andika jina na namba ya maabara juu, na ukae nayo mkobani. Usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Nta yetu huyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 60 hivi, na gari lililofungwa mchana wa Mombasa hukaribia huko. Haihitaji friji.